Zamu za Kumpampia Mwalimu Claudia

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kuvaa viatu, Mwalimu Claudia alikaa ukingoni mwa kitanda, akaubonyeza mguu wa kushoto kwa kidole gumba, kisha akahesabu. Kidole kikiondoka kiliacha shimo, na shimo lilichukua muda wake kujaa. Siku njema lilijaa akifika ishirini. Siku mbaya alifika hamsini, na hapo alijua kwamba atapumzika mara tatu njiani kwenda shule, ingawa shule yenyewe aliiona kutoka mlangoni. Hesabu ya kila siku aliiandika ukutani kwa chaki. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia afuatilie, na chaki alikuwa nazo.

Jumanne moja ya mwezi wa pili alibonyeza, akaondoa kidole, akafungua mdomo aseme moja, na shimo halikuwepo. Alibonyeza mguu wa kulia. Nao haukuwa na shimo. Vifundo vya miguu, ambavyo hakuwa ameviona tangu muhula uliopita, vilikuwa vimerudi mahali pake. Alisimama, akatembea hadi mlangoni bila kushika ukuta, akafungua.

Nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, jirani yake Swaumu alikuwa kwenye pampu ya kitongoji chao, Migunga, akijaza ndoo. Mpini ulipanda ukashuka, ukipiga kelele zake za kila siku. Ndoo ikajaa, Swaumu akaachia mpini, na Claudia akakaa chini kizingitini kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha.

Mama yake, Nyirabahizi, alikuwa anapuliza moto. Alimtazama binti yake, akaitazama pampu.

"Swaumu, hebu pampu kidogo."

"Ndoo imejaa, mama."

"Pampu hivyo hivyo."

Swaumu akapampu, maji yakamwagika. Claudia akainuka, akaomba chai.

"Acha," alisema Nyirabahizi.

Swaumu akaacha. Claudia akakaa.

"Pampu."

Claudia akainuka tena, akasema kwamba kama wanamchezea afadhali waseme, maana ana kipindi cha kwanza. Basi kabla chai haijachemka jambo lilikuwa limeeleweka: pampu ya Migunga, iliyochimbwa na mradi miaka tisa iliyopita kwa ajili ya kaya arobaini, ilikuwa inasukuma maji ya watu wote na damu ya Mwalimu Claudia.

Mwenyewe hakushangaa sana, kwa sababu alikuwa ameshaelezwa kwamba kitu cha namna hiyo kipo. Mwaka uliotangulia alikwenda hospitali ya rufaa na barua yake, akalala siku tatu kwenye korido, na siku ya nne daktari kijana mwenye macho ya usingizi alimchorea moyo wake nyuma ya fomu. Moyo ulikuwa umetanuka kama soksi ya zamani, alisema, hauna nguvu ya kubana. Pembeni akachora kitu kidogo, ukubwa wa pasheni. Hiyo ni pampu, alieleza. Inashonwa kwenye moyo, inasukuma damu badala yake. Waya unatokea tumboni, betri unazivaa kiunoni, unachaji kama simu. Wako watu wanaishi nazo miaka mingi, na wengine ukiwashika mkono husikii mapigo kabisa, nao wanakusalimia vizuri tu.

"Na mimi nitaipata lini?" Claudia aliuliza.

Daktari aliendelea kuchora betri mpaka zikapendeza. Kisha alimwandikia vidonge, ambavyo baadhi vilikuwepo kwenye dirisha la dawa.

Kwa hiyo pampu ilikuwa imefika. Ilikuwa kubwa kidogo kuliko mchoro, na sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya ardhi mita thelathini, lakini Claudia hakuwa mtu wa kuchagua.

Nesi wa zahanati alikuja na kipimo chake, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Alisikia maji yakipanda kwenye bomba na mpini ukilia. Akaandika kwenye daftari: *Mapigo hamsini kwa dakika. Hutegemea anayepampu.* Alisema moyo wa Claudia mwenyewe bado umo, unagusagusa, lakini peke yake hautamfikisha mbali: akikaa kimya labda robo saa, akisimama dakika moja. Kisha akaomba ajaziwe galoni yake kwa kuwa yupo hapo.

Wanawake wa Migunga walipanga zamu siku hiyo hiyo. Kila mmoja alipewa nusu saa mchana, na usiku walikwenda wawili wawili na blanketi. Kubadilishana mkono kulitakiwa kusizidi hesabu ya tano. Mara moja tu Restituta na mke wa mwenyekiti waligombania zamu ikafika hesabu ya sitini, na Claudia, aliyekuwa ubaoni akifundisha sehemu kwa darasa la tatu, aliandika robo tatu, akaandika nusu, kisha akajilaza taratibu juu ya dawati la mbele. Wanafunzi walisubiri. Mmoja alitoka dirishani akapiga kelele kuelekea pampu, "Mwalimu amekatika!" na mwalimu akarudi.

Maji nayo yalikuwa mengi kupita mahitaji. Yalijaza ndoo zote, yakajaza masufuria, kisha wakayachimbia mfereji uelekee migombani. Kufikia Pasaka ndizi za Migunga zilikuwa zinaegemea nyumba. Bata walihamia kutoka kitongoji cha pili bila kuaga.

Kila mwanamke alikuwa na mkono wake. Restituta aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na alipampu kwa nyimbo za Kwaresima, polepole na kwa majuto. Katika zamu yake Claudia alisahihisha madaftari na kukumbuka makosa yake ya utotoni. Swaumu alikuwa mtu mwingine. Babu zake walitoka pwani na biashara ya vitambaa, wakafungua duka Biharamulo mjini, na yeye aliolewa Migunga na ngoma zake zote kichwani. Katika zamu ya Swaumu, Claudia alikimbiza mbuzi aliyeingia darasani mpaka akamkamata, na mbuzi ndiye aliyehema. Siku ya harusi ya binti wa jirani mwingine, Theodosia, msafara mzima wa bwana harusi ulisimama pampuni, mashangazi wakapokezana mpini kwa vifijo, na Mwalimu Claudia, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amepanda hata ngazi ya ofisi, alionekana juu ya mfenesi akiwauliza walio chini kama wanataka lililoiva au la kupika.

Umbali haukuwa tatizo. Walipoitwa semina ya walimu mjini alikwenda, na saa nne alijikuta amesimama mbele ya afisa mmoja wa elimu akizungumza kwa kasi isiyo na vituo, huku mguu mmoja ukicheza. Akaomba ruhusa, akatoka nje na simu.

"Swaumu, punguza. Niko mbele ya wakubwa."

"Nimepunguza, shoga. Hapa ni mkono mmoja tu, mwingine namenyea ndizi."

Wanaume wa Migunga walifurahi sana kwa hali ya mwalimu. Wao ndio walikuwa kamati ya maji, wanaume saba, na kamati ilikuwa na benchi lake chini ya bati, mkabala na pampu. Walimpa pole na hongera kwa zamu. Mwenyekiti wao, Mzee Pancras, alitunza ufunguo wa kufuli la pampu, ingawa sasa kufuli halikuwa na nafasi ya kufungwa. Siku moja Restituta, mikono ikiwa imetoka malengelenge, alimwuliza kwa heshima zote kama wanaume wanaweza kuchukua hata zamu za usiku.

"Shikamoo, mwenyekiti. Hata zile za usiku tu."

"Marahaba. Sasa mwanangu, mwanamume akishika mpini wa pampu, mkewe atashika nini?"

Wajumbe sita wakacheka, wakaliandika swali hilo kwenye muhtasari kama jibu.

Kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyegusa mpini, na yeye alihesabiwa nje ya mila kwa kuwa alikuwa fundi. Fundi hachoti, alisema Mzee Pancras, fundi anajaribu. Aliitwa Faustini. Alikaa Lusahunga, pale malori yanapopumzika yakielekea Rusumo, na alitengeneza pampu za vijiji vya upande huo kwa spana alizozirithi. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye maneno machache ambayo yote yalihusu pampu.

"Habari za hapa, mwalimu."

"Nzuri, fundi."

"Mpini umelegea."

"Eeh."

"Nitaupaka grisi."

Pampu inahitaji grisi mara moja kwa mwezi. Faustini aliipaka kila Jumamosi. Hapakuwa na chuma kilichong'aa kama kile katika kata yote ya Kaniha. Kuku walikuwa wanateleza juu yake.

Pikipiki yake ilikuwa ikisikika kutoka mbali, tangu kwenye makaravati, na hapo ndipo Swaumu alipomnyang'anya mpini yeyote aliyekuwa zamu. Alipampu kwa mikono miwili, mtandio shingoni, kama anazima moto. Ndani ya nyumba Claudia alishikwa na joto la masikio, chaki ikaanguka. Faustini alipofika mlangoni alimkuta mwalimu akihema na kutabasamu, uso unang'aa, na yeye mwenyewe akasahau kama amekuja na grisi au bila grisi.

Jambo hili lilimkosesha Claudia amani. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Aliwahi kuchumbiwa mara moja, na mchumba aliposikia habari za moyo aliaga kwenda mnadani akawa ndiyo ameaga. Sasa alimpenda Faustini, au alidhani anampenda, lakini moyo ulikuwa nje pale mikononi mwa Swaumu, na hakuwa na namna ya kujua. Huenda ni Swaumu aliyempenda fundi kwa niaba yake. Hakutaka kumwambia mtu maneno makubwa namna hiyo kwa mkono wa jirani.

"Shoga," alimwambia mchana mmoja wakichambua maharage, "Jumamosi akija, pampu polepole. Nataka kujua."

"Kujua nini? Unamwona mwanamume yule, mabega yale, unataka kujua nini tena?"

"Polepole tu. Kama Restituta."

"Kwa mkono wa Restituta utamkaribisha fundi kama unapokea maiti." Lakini aliahidi. Jumamosi pikipiki ikasikika, na Swaumu akapampu polepole hesabu ya nane, kisha mikono ikamshinda.

Mwezi wa sita maji yalianza kupungua. Mpini ulipanda na kushuka vilevile, lakini bomba lilitoa uzi mwembamba, na Claudia akaanza tena kukuta shimo mguuni. Kumi. Kumi na nane. Thelathini na moja. Faustini aliweka sikio kwenye bomba, akasema raba ya pistoni imekwisha. Haikutengenezwa kusukuma mchana na usiku.

Kamati iliandika barua kwenye ofisi inayohusika. Alikuja bwana mmoja mwenye fulana ya mradi, akaiangalia pampu, akamwangalia mwalimu, akafungua fomu yake. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya ng'ombe wanaokunywa hapo, na idadi ya kaya, lakini moyo haukuwa na mstari. Alifikiri kidogo, akamwandika Claudia upande wa mifugo ili asikose kabisa. Alisema raba italetwa. Akapiga picha na kamati, akaondoka.

Faustini hakuisubiri. Alitafuta Lusahunga tyubu ya lori iliyochoka, akaikata duara kwa kisu cha kushonea viatu, akaisugua usiku kucha mpaka ikawa sawasawa. Alikata nne, akatupa tatu. Lakini kila Jumamosi alipokuja nayo mfukoni, aliitoa, akaitazama, akairudisha.

"Wiki ijayo," alisema.

"Fundi," Nyirabahizi alimwambia, "mwanangu jana amehesabu arobaini na tano."

"Mama, nikifungua hapa, mpini unatoka. Vyuma vyote vinapanda juu. Ni dakika kumi na mbili kama hakuna kitakachodondoka kisimani."

"Na kikidondoka?"

Faustini akaenda kupaka mpini grisi.

Ikawa Jumamosi, saa nne asubuhi. Claudia alikataa kulazwa ndani. Alisema kama moyo wake unafunguliwa, basi na yeye awepo. Walimtandikia mkeka kando ya sakafu ya pampu, kichwa juu ya mapaja ya mama yake. Restituta alikuwa zamu, akaimba ubeti wa mwisho mpaka mwisho, akaachia. Mzee Pancras, kwenye benchi, aliwasha saa ya simu.

"Dakika ya kwanza," alitangaza, kwa kuwa kamati nayo ilitaka kufanya kitu.

Faustini alitoa mpini. Alivuta chuma cha kwanza, Swaumu akakidaka kwa mikono miwili na kukikumbatia; cha pili akakipokea Restituta, cha tatu Theodosia. Vilitoka virefu, vikidondosha maji, mpaka wanawake wakawa wamesimama kama wameshika mabango ya sikukuu. Bata walikaa.

Claudia alikisikiliza kifua chake. Kwa miezi minne hakuwa amesikia kitu chake mwenyewe humo ndani. Sasa moyo ulikuwepo, mdogo, mvivu, kama mtu aliyeamshwa akaambiwa akafungue duka. Ulipiga, ukafikiri, ukapiga. Dakika ya nne ncha za vidole zilikuwa baridi. Dakika ya sita alimwona Mzee Pancras akiwa wawili, wote wamekaa.

Pistoni ikatoka. Raba ya zamani ilikuwa imekatika vipande kama ulimi wa kiatu. Faustini aliitupa, akaitoa mpya mfukoni. Akaangalia raba. Akamwangalia Claudia. Jasho lilimtoka puani likadondokea kwenye magoti.

"Inaingia," alimwambia, ingawa haikuwa imeingia. "Mwalimu, inaingia hii."

Na hapo moyo wa Claudia ukaenda mbio. Hazikuwa mbio za Swaumu. Zilikuwa fupi, za kujikwaa, mbio za mtoto anayejifunza. Lakini zilikuwa mbio. Aligeuza kichwa haraka kumtafuta Swaumu, akamwona amesimama mbali, amekumbatia chuma kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, analia. Akautafuta mpini. Mpini ulikuwa chini kwenye nyasi, na kuku amesimama juu yake.

Alicheka. Pumzi ilikuwa ndogo, kicheko kikatoka kama chafya.

"Nini, mwanangu?" aliuliza Nyirabahizi.

"Hakuna kitu, mama. Niache nisikilize."

Dakika ya kumi raba ikaingia. Vyuma vikashuka kimoja kimoja, vikaungwa, mpini ukarudishwa. Dakika ya kumi na tatu na nusu Swaumu aliurukia, na mapigo saba ya kwanza yakaleta hewa tupu. La nane likaleta maji, mengi, ya kahawia kisha meupe, yakamlowesha Restituta mpaka kiunoni. Claudia akakaa, akafunga kitambaa vizuri. Watu wakapiga makofi, bata wakaondoka.

Benchini wajumbe saba walipeana mikono. Mzee Pancras alimwagiza katibu aandike kwamba kamati imekamilisha ukarabati mkubwa kwa muda wa dakika kumi na tatu na nusu, na kwamba zamu ziendelee kama kawaida, kinamama waanze kujipanga. Kinamama walikuwa wameshajipanga. Wa kwanza alikuwa anafunga kitambaa kwenye lengelenge la jana. Raba ya ofisi ilikuwa bado haijaletwa, na mpaka leo haijaletwa.

Faustini alifuta spana moja moja, akazifunga kwenye gunia. Alisimama mbele ya mkeka, grisi hadi viwikoni.

"Sasa inabana vizuri," alisema. "Nitakuja Jumamosi kuangalia kama… kuangalia mpini."

"Subiri," Claudia alisema.

Alisimama. Swaumu alikuwa anapampu kwa fujo, macho yake kwa fundi, na Claudia alisikia masikio yakipata moto wa kuazima.

"Swaumu, achia mpini."

"Shoga, una wazimu?"

"Achia. Toa mikono, watu waione."

Swaumu akatazama huku na huku, akaachia, akainua mikono yote miwili juu. Maji yakakatika. Kwenye benchi Mzee Pancras, kwa mazoea, aliwasha saa.

Claudia alingoja hadi vidole vyake vikaanza kupoa. Kifuani, ule mdogo ukaamka, ukajikwaa, ukaanza kukimbia. Akamtazama Faustini, ambaye alikuwa ameangusha gunia.

"Fundi, nakupenda," alisema. "Nakupenda mimi mwenyewe, nataka tuoane. Na unijibu haraka, hakuna anayepampu."